"Kupona" kama Kipimo: Uhakiki wa Lugha ya Matokeo ya Majeruhi wa Kichwa Waliotibiwa Katika Chumba cha Wagonjwa Mahututi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kueleza matokeo ya majeruhi wa kichwa waliotibiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Data zake ni matini: maelezo ya Kipimo cha Glasgow cha Fahamu cha mwaka 1974, Kipimo cha Glasgow cha Matokeo cha mwaka 1975 pamoja na umbo lake lililopanuliwa, na taarifa zilizochapishwa za majaribio manne ya tiba. Makala yana hoja kuu mbili. Kwanza, mpaka kati ya matokeo "mazuri" na "mabaya" haumo ndani ya kipimo chenyewe. Huchorwa na mtafiti, na mahali unapochorwa paweza kubadili hitimisho la jaribio zima. Pili, kitenzi "kupona" katika Kiswahili hubeba maana ya kunusurika na kifo na pia maana ya kurejea katika afya. Kwa hiyo, tasnifu ya Kiswahili inayoripoti idadi ya "waliopona" bila ufafanuzi huficha jambo lilelile ambalo kipimo kilibuniwa kulifichua. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuandika matokeo hayo kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtu akitoka salama katika gari lililopinduka, Waswahili husema amepona. Mtu huyohuyo akiugua malaria, akanywa dawa na kurudi shambani, husemwa pia kuwa amepona. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutenganisha maana hizi mbili, wala hapana anayekanganyikiwa. Ugumu huanza pale ambapo mtu amenusurika na kifo lakini hajarejea katika afya yake, na huenda asirejee kamwe. Majeruhi wa kichwa ndiye mfano wa wazi zaidi wa mtu huyu. Baada ya wiki kadhaa za mashine ya kupumulia, anaweza kutoka chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hai, lakini hamtambui mkewe. Au anamtambua, lakini hawezi kuvaa shati bila msaada. Au anavaa, anatembea na kuzungumza, lakini hasira zake mpya zimevunja nyumba. Je, huyu amepona?

Tiba ya kisasa imelijibu swali hili kwa kuunda vipimo, navyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania kwa kawaida daktari huandika jalada la mgonjwa kwa Kiingereza na kuzungumza na ndugu wa mgonjwa kwa Kiswahili. Hivyo, baina ya jibu la ndugu na namba inayoingia katika jalada kuna tendo la tafsiri linalofanywa papo hapo, kwa mdomo, bila kuandikwa na bila kuhakikiwa na yeyote. Takwimu zinazotokana na majalada hayo hufika kwa mtahini zikiwa zimepoteza alama zote za tafsiri hiyo.

Mwandishi wa makala haya si tabibu, na makala hayatoi ushauri wa tiba. Yanachunguza vipimo kama matini, kwa mbinu ya uchambuzi matini, na kuuliza maswali ambayo mhakiki wa lugha ana wajibu wa kuyauliza: maneno haya yanasema nini, yanamsema nani, na yanapohamia Kiswahili nini hubaki na nini hupotea?

2.0 Vipimo Viwili vya Glasgow

Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett, madaktari wa upasuaji wa ubongo katika jiji la Glasgow, Uskoti, walichapisha katika jarida la Lancet njia ya kupima kina cha kupoteza fahamu. Kabla yao, madaktari walitumia maneno ya jumla ambayo kila mmoja aliyaelewa kivyake. Mchango wao mkubwa ulikuwa wa kilugha: waliyaacha maneno ya jumla na badala yake wakaeleza matendo yanayoonekana. Mpimaji hutazama mambo matatu, yaani kufumbua macho, kujibu kwa maneno na kujibu kwa viungo. Kwa utaratibu wa leo, macho yana alama 4, maneno alama 5 na viungo alama 6. Jumla huanzia 3 hadi 15, na jumla isiyozidi 8 huhesabiwa kuwa jeraha kali.

Mwaka uliofuata, Jennett pamoja na Michael Bond, bingwa wa magonjwa ya akili, walichapisha kipimo cha pili, yaani Kipimo cha Matokeo. Hiki kina ngazi tano: kifo, hali ambayo kwa Kiingereza imefananishwa na uhai wa mimea, ulemavu mkubwa, ulemavu wa wastani, na ahueni njema. Mwaka 1981 ngazi tatu za juu ziligawanywa kila moja mara mbili na kupata ngazi nane. Mwaka 1998 yakachapishwa maswali maalumu ya kumwongoza mpimaji ili wapimaji wawili tofauti wafikie ngazi moja kwa mgonjwa mmoja.

Tofauti ya vipimo hivi viwili ni ya msingi. Cha kwanza hupima mwili ulio mbele ya mpimaji. Cha pili hupima maisha ambayo mpimaji hayaoni: nyumba, soko, kazi, ndoa na urafiki. Mpimaji huyajua maisha hayo kwa kusimuliwa tu, mara nyingi miezi sita baada ya ajali, na mara nyingi na mtu mwingine asiye mgonjwa. Kwa maana hiyo, Kipimo cha Matokeo ni masimulizi yaliyofupishwa kuwa namba. Hapo ndipo uhakiki una nafasi halali.

3.0 Mpaka Unapochorwa: RESCUEicp na DECRA

Ngazi nane ni nyingi kwa mtafiti anayetaka jibu la ndiyo au hapana. Kwa hiyo imekuwa desturi kuzigawa katika makundi mawili, matokeo "mazuri" na matokeo "mabaya". Mfano unaoonesha vizuri uzito wa mgawanyo huo ni wa majaribio mawili kuhusu upasuaji wa kuondoa kipande kikubwa cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi.

Jaribio la DECRA, lililochapishwa mwaka 2011, liliwahusisha watu wazima 155 waliofanyiwa upasuaji mapema au kuendelea na tiba ya kawaida. Vifo vilikaribiana, asilimia 19 kwa waliopasuliwa na asilimia 18 kwa wasiopasuliwa. Lakini matokeo mabaya yalikuwa asilimia 70 kwa waliopasuliwa na asilimia 51 kwa wengine. Tofauti hiyo ilidhoofika watafiti walipozingatia kwamba kundi la upasuaji lilikuwa na wagonjwa wengi zaidi ambao mboni zao hazikuitikia mwanga tangu mwanzo. Katika DECRA, kila aliyekuwa katika ulemavu mkubwa, bila kujali ngazi ndogo aliyomo, alihesabiwa katika matokeo mabaya.

Jaribio la RESCUEicp, lililochapishwa mwaka 2016, liliwahusisha wagonjwa 408. Hapa upasuaji ulikuwa hatua ya mwisho, baada ya tiba nyingine kushindwa kushusha shinikizo ndani ya fuvu. Matokeo baada ya miezi sita yameoneshwa katika Jedwali 1.

Jedwali 1: Matokeo ya RESCUEicp baada ya miezi 6 (asilimia; waliopasuliwa, kisha waliopewa tiba ya dawa)

Kifo: 26.9, 48.9
Kuwa macho bila utambuzi: 8.5; 2.1
Ulemavu mkubwa, ngazi ya chini: 21.9, 14.4
Ulemavu mkubwa, ngazi ya juu: 15.4, 8.0
Ulemavu wa wastani: 23.4, 19.7
Ahueni njema: 4.0, 6.9

Tuchukue namba hizi na kuchora mpaka mahali patatu tofauti. Mpaka ukiwa kati ya kifo na uhai, walionusurika ni asilimia 73.1 kwa waliopasuliwa na asilimia 51.1 kwa wasiopasuliwa. Tofauti ni pointi 22.0, na upasuaji unaonekana kuwa mkombozi. Mpaka ukiwa chini ya ulemavu mkubwa wa ngazi ya juu, kama watafiti wa RESCUEicp walivyouweka, matokeo mazuri ni asilimia 42.8 na asilimia 34.6, tofauti ni pointi 8.2. Mpaka ukiwekwa pale ulipokuwa katika DECRA, yaani juu ya ulemavu mkubwa wote, matokeo mazuri ni asilimia 27.4 na asilimia 26.6, tofauti ni pointi 0.8, na upasuaji unaonekana kana kwamba haukubadili chochote.

Wagonjwa ni walewale, na miili yao ni ileile. Kilichohama ni neno "mazuri". Yupo mtu mmoja ambaye hatima yake katika fasihi ya kitabibu imeamuliwa na uhamaji huu: yule anayeweza kuachwa nyumbani mchana kwa saa zipatazo nane, lakini hawezi kujitegemea kikamilifu. Katika DECRA mtu huyu ni tokeo baya. Katika RESCUEicp ni tokeo zuri.

Haki inataka tuseme kwamba watafiti wa RESCUEicp hawakuficha kitu. Walichapisha ngazi zote, wakaeleza mpaka wao ulipo, na ni kwa sababu ya uwazi huo hesabu za hapo juu zimewezekana. Aidha, waliwafuatilia wagonjwa hadi miezi 12, ambapo matokeo mazuri kwa mpaka wao yalifikia asilimia 45.4 dhidi ya asilimia 32.4. Lawama ya makala haya inawaangukia wanaonukuu. Tasnifu inayoandika kwamba upasuaji huo "huboresha matokeo" au kwamba "hauboreshi matokeo", bila kutaja mpaka, imechukua uamuzi wa thamani wa mtu mwingine na kuuwasilisha kama sifa ya ubongo.

Wanaopaswa kuulizwa kuhusu uamuzi huo wa thamani ni watu watakaoishi nao. Namba za Jedwali 1 zikisomwa kwa lugha ya nyumbani zinasema hivi: kati ya kila wagonjwa 100 wa aina hii waliopasuliwa, takribani 22 zaidi hubaki hai kuliko kama wasingepasuliwa, na kati ya hao 22, zaidi ya nusu wataangukia katika hali ya kutotambua au ya kumtegemea mtu karibu muda wote. Familia moja itasema uhai ni uhai. Nyingine itasita. Hapana takwimu inayoweza kuamua kati yao. Lakini zote mbili hunyimwa nafasi ya kuamua zinapoambiwa tu kwamba mgonjwa "atapona" au "hatapona".

4.0 Kipimo Kinapoulizwa kwa Kiswahili

4.1 Kuweza na kufanya

Swali la msingi la kutenganisha ulemavu mkubwa na ulemavu wa wastani linahusu kujitegemea nyumbani. Mwongozo wa mwaka 1998 unafafanua kwamba mtu anayejitegemea ni yule anayeweza kujihudumia nyumbani kwa saa 24 ikibidi: kuoga, kuvaa nguo safi bila kukumbushwa, kujiandalia chakula, kupokea wageni na kukabili matatizo madogo ya nyumbani. Mwongozo unasisitiza kwamba kinachoulizwa ni uwezo. Si lazima mtu awe anajihudumia kwa hakika.

Mwongozo, basi, ulikwishaona tofauti ya kuweza na kufanya. Swali ni kama tofauti hiyo inavuka salama hadi Kiswahili cha wodini. Mpimaji akiuliza, "Anaweza kukaa nyumbani peke yake siku nzima?" ndugu wa mgonjwa anaweza kulielewa swali kwa njia tatu: kama swali la uwezo, kama swali la mazoea, au kama swali la maadili, yaani kama inafaa kumwacha. Kwa familia nyingi tafsiri ya tatu ndiyo yenye nguvu. Kumwacha mgonjwa peke yake kutwa ni aibu kwa ukoo. Jibu la "hapana, hatuwezi kumwacha" linaeleza utu wa familia, si hali ya ubongo. Lakini likiandikwa katika fomu linamshusha mgonjwa kutoka ulemavu wa wastani hadi ulemavu mkubwa. Umbo la masharti lingesaidia: "Ingetokea mmesafiri wote kwa siku moja, angeweza kujihudumia?" Kiambishi -nge- kinafanya hapa kazi ambayo kitenzi "kuweza" peke yake hakiwezi kuifanya.

Hali kadhalika kuhusu kupika. Mwanamume mtu mzima ambaye kabla ya ajali hakuwahi kuinjika sufuria hawezi kuhesabiwa kuwa amepoteza uwezo ambao hakuwa nao. Kipimo kinaruhusu kuuliza hali ya kabla ya ajali, nayo ni busara kubwa; lakini busara hiyo hutegemea mpimaji aulize, na aulize kwa maneno yanayoeleweka.

Upo pia mtego wa istilahi. Ngazi ya nne ya kipimo kilichopanuliwa ni bora kuliko ya tatu, kwa sababu ya nne ni ngazi ya "juu" ya ulemavu mkubwa. Ikitafsiriwa moja kwa moja kuwa "ulemavu mkubwa wa juu", msomaji wa Kiswahili huelewa kinyume kabisa: kwamba ulemavu umezidi. Tafsiri imefuata neno na kugeuza maana. Inafaa kueleza ngazi hizo kwa kile mtu anachoweza: "anayehitaji mtu karibu naye muda mwingi" kwa ngazi ya tatu, na "anayeweza kuachwa nyumbani mchana" kwa ngazi ya nne.

4.2 Fahamu na lugha

Kipimo cha Fahamu nacho hakikwepi lugha. Alama tano za maneno hutolewa kwa mgonjwa anayejitambua yeye ni nani, yuko wapi na wakati ni upi. Maelezo ya mwaka 1974 yalitaja mwaka, majira na mwezi. Majira ya Glasgow ni manne na kila mkazi anayajua. Majira ya Tanzania hayafanani nchi nzima: ukanda wa pwani ya kaskazini una masika na vuli, ilhali Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Muuguzi aliyekulia Tanga na mgonjwa aliyekulia Dodoma wanaweza kutofautiana kuhusu majira bila mmoja wao kuwa na jeraha la kichwa.

Mwezi nao una utata wake. Mzee wa Unguja akiulizwa ni mwezi gani anaweza kujibu "Mfungo Tatu", kwa kalenda ya mwezi mwandamo, naye akawa sahihi kabisa. Mgonjwa anayesema ni saa mbili asubuhi ilhali saa ya ukutani inaonesha nane yuko sahihi pia. Na mgonjwa ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, akiamka kutoka usingizi mzito na kujibu kwa Kisukuma, anaweza kuandikiwa kwamba ametoa sauti zisizoeleweka na mpimaji asiyejua Kisukuma. Hakuna kosa la kipimo hapo. Waasisi walitaka mpimaji ajue kama mgonjwa anaelewa alipo. Hawakutaka ajue kama mgonjwa na mpimaji wanatumia kalenda moja au lugha moja. Lakini jalada halina nafasi ya kuandika lugha iliyotumika.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi lipo tatizo kubwa zaidi. Mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia kooni hawezi kusema hata kama angekuwa na la kusema. Mwaka 2014, katika kutimiza miaka 40 ya kipimo, Teasdale na wenzake walipendekeza kwamba kipengele kisichopimika kiandikwe hivyo, yaani hakikupimika, badala ya kupewa alama 1. Pendekezo hilo ni la uaminifu wa kimatini: kimya cha asiyeweza kusema na kimya cha aliyezuiwa kusema si kimya kimoja. Tasnifu inayotumia alama za siku ya kwanza kubashiri matokeo ina wajibu wa kueleza kimya kiliandikwaje. Bila hivyo, mgonjwa aliyewekewa mpira mapema kwa tahadhari ataonekana kuwa na jeraha kali kuliko alilonalo, na ahueni yake itaonekana muujiza wa wodi.

4.3 Mtu na mmea

Ngazi ya pili ya Kipimo cha Matokeo ndiyo yenye jina zito kuliko zote. Jina hilo lilipendekezwa na Jennett na Fred Plum mwaka 1972 kwa wagonjwa wanaofumbua macho, wanaolala na kuamka, lakini wasioonesha dalili yoyote ya utambuzi. Walikusudia kueleza uhai wa kimwili, wa kupumua na kumeng'enya chakula, usio na dalili za akili. Katika Kiingereza chenyewe neno hilo liliteleza likawa tusi la mtaani, na mwaka 2010 kundi la wataalamu wa Ulaya lilipendekeza jina jingine linaloeleza tu kwamba mtu yu macho na haitikii.

Kiswahili kina sababu yake ya ziada ya kulikataa neno "mmea". Katika upatanisho wa kisarufi, jina la mtu huchukua viambishi vya ngeli ya A-WA hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine: husema kipofu anatembea, kiziwi amekuja. Sarufi inang'ang'ania utu wa anayetajwa pale ambapo umbo la neno lingeweza kuuondoa. "Mmea" si jina la mtu, na hauna ulinzi huo. Anayesema mgonjwa amekuwa mmea amemtoa katika "yule" na kumweka katika "ule". Ndugu anayeketi kando ya kitanda akimkanda miguu hawezi kuipokea lugha hii kama taarifa. Ataipokea kama hukumu. Kwa sababu hiyo, Jedwali 1 limetumia maneno "kuwa macho bila utambuzi", yanayoeleza kinachoonekana, kwa kufuata kanuni ileile ya waasisi wa mwaka 1974.

5.0 Hoja Kinzani

Msomaji makini anaweza kupinga hoja za makala haya kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba kifo hakihitaji tafsiri. Kama maneno ya ulemavu yana utata kiasi hiki, kwa nini watafiti wasihesabu vifo tu? Hoja hii ina nguvu, na jaribio la CRASH linaipa ushahidi. Kwa miongo kadhaa, majeruhi wa kichwa walipewa dawa za kortikosteroidi kwa imani kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Jaribio hilo, lililokusudia kuwahusisha watu 20,000, lilisimamishwa mwaka 2004 likiwa limefikisha 10,008, kwa kuwa ndani ya wiki mbili vifo vilikuwa asilimia 21.1 kwa waliopewa dawa na asilimia 17.9 kwa wasiopewa. Baada ya miezi sita vifo vilikuwa asilimia 25.7 na asilimia 22.3. Lakini kifo kilipounganishwa na ulemavu mkubwa, tofauti ilipungua hadi asilimia 38.1 dhidi ya asilimia 36.3. Hapa kipimo kipana kingeweza kuupunguza uzito wa madhara ambayo hesabu ya vifo iliyaonesha waziwazi.

Makala haya yanaikubali hoja hiyo kwa sehemu. Hesabu ya vifo hutosha pale tiba inapoua. Haitoshi pale tiba inapookoa, kwa sababu hapo swali linalofuata ni limeokolewa nini. RESCUEicp na CRASH vikisomwa pamoja vinafundisha somo moja: hapana mpaka mmoja unaofaa kila swali, hivyo ngazi zote zioneshwe kabla ya mpaka wowote kuchorwa.

Ya pili ni kwamba utata wa kipimo kimoja unaweza kutibiwa kwa vipimo vingi. Ndivyo lilivyofanya jaribio la BEST:TRIP la mwaka 2012, lililofanyika Bolivia na Ecuador kwa wagonjwa 324, kulinganisha matibabu yanayoongozwa na kifaa cha kupima shinikizo ndani ya fuvu na yale yanayoongozwa na picha za CT-scan na uchunguzi wa mwili. Matokeo yalikusanywa kutoka vipengele 21 na kuunganishwa kuwa alama moja: 56 kwa kundi la kifaa na 53 kwa kundi jingine, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Vifo vya miezi sita vilikuwa asilimia 39 na asilimia 41. Kwa nchi zisizo na vifaa vya kutosha, matokeo haya yana thamani kubwa. Hata hivyo, alama ya 56 haina tafsiri ya kibinadamu. Hapana mtu anayeweza kumweleza mama maana ya 56. Wingi wa vipengele umeongeza usahihi wa kulinganisha makundi na kupunguza uwezo wa kueleza hali ya mtu mmoja.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Methali hii husifu upendo usiosubiri kuombwa, na katika chumba cha wagonjwa mahututi ina ukweli: asiye na fahamu hawezi kuulizwa, hana budi kuhudumiwa. Lakini miezi sita baadaye, wengi wa walionusurika wanaweza kuulizwa, na bado hawaulizwi. Simu hupokelewa na kaka, fomu hujazwa kwa maneno ya mke, na uji huendelea kuletwa bila kuulizwa. Kipimo kilichokusudiwa kusema mtu anaishi vipi hubaki kusema wengine wanamwonaje.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo matano kwa watafiti wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili kuhusu majeruhi wa kichwa. Kwanza, watenganishe istilahi tatu: "kunusurika" kwa aliyevuka kifo, "ahueni" kwa anayeelekea kupata nafuu katika ngazi inayotajwa, na "kupona" kwa aliyerejea katika maisha yake ya awali kwa ushahidi wake mwenyewe inapowezekana. Pili, waoneshe ngazi zote za matokeo kabla ya kuzigawa, kisha waeleze mpaka wameuchora wapi na kwa sababu gani. Tatu, waandike swali la Kiswahili kama lilivyoulizwa, pamoja na lugha iliyotumika na nani aliyejibu. Nne, kipengele kisichopimika kiandikwe kuwa hakikupimika. Tano, waseme wazi ni nani hawamo katika hesabu: waliofariki kabla ya kupata kitanda, walioondolewa na ndugu kabla ya kuruhusiwa, na wasiopatikana kwa simu. Asilimia yoyote ya walionusurika inayowaacha hao nje ni asilimia ya kitanda, si ya jeraha.

Mapendekezo haya hayahitaji mashine mpya wala fedha nyingi. Yanahitaji mtafiti akubali kwamba kabla ya kuwa namba, kila tokeo lilikuwa sentensi iliyosemwa na mtu kwa lugha fulani, na kwamba sentensi hiyo ni sehemu ya data. Mtahini anayekutana na maneno "wagonjwa waliopona" katika tasnifu ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kugeuza ukurasa: wamepona nini?